Jumba la Zege Ukingoni mwa Thames: Miaka 50 ya National Theatre na Msanifu Wake

Usiku wa Oktoba 25, 1976, Malkia Elizabeth II alifungua rasmi National Theatre, jumba la taifa la maigizo la Uingereza, kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames jijini London. Katika ukumbi ulio mkubwa kuliko mingine ya jumba hilo, Laurence Olivier alisimama jukwaani kuwakaribisha wageni. Ukumbi wenyewe umepewa jina lake. Ndiye aliyeliongoza kundi la waigizaji wa taifa kwa miaka 10 lilipokuwa halina pake, likiishi katika nyumba ya kupanga, mpaka akang'atuka mwaka 1973. Mwaka uliofuata maradhi yakamwangusha. Usiku ule alitoa hotuba ya makaribisho, akashuka. Hakuwahi kuigiza hata tamthilia moja katika ukumbi huo, na hotuba ile ndiyo mara pekee aliyowatazama watazamaji kutoka kwenye jukwaa linaloitwa Olivier.

Mtu wa pili wa kukumbukwa usiku ule hakuwa mwigizaji. Denys Lasdun, msanifu majengo, alikuwa na umri wa miaka 62, na jumba lile lilikuwa limekula miaka 13 ya maisha yake. Mwaka huo huo alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka uliofuata Medali ya Dhahabu ya Kifalme ya wasanifu majengo. Sasa jumba linatimiza miaka 50, na wengi wataadhimisha waigizaji, waongozaji na waandishi waliopitia hapo. Ni haki yao. Lakini historia ya taasisi hii haielezeki bila kumweleza aliyeichorea mwili. Lasdun alijenga kwanza mahali pa watu kukutana, kisha ndani ya mahali hapo akaweka kumbi tatu. Alianza kulitafuta wazo hilo katika nyumba za wafanyakazi, akalikuza katika chuo cha madaktari na katika vyuo vikuu, na pale mtoni akalikamilisha.

Ni ajabu kwamba nchi ya Shakespeare ilichelewa kiasi hicho. Wafaransa walikuwa na Comédie-Française tangu 1680. Kwa Waingereza, hoja ilianzishwa mwaka 1848 na mchapishaji vitabu wa London, Effingham Wilson, aliyetoa kijitabu akidai jumba la maigizo lililo mali ya taifa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwigizaji na mwandishi Harley Granville-Barker pamoja na mhakiki William Archer waliandika mpango kamili wenye hesabu zake. Kiwanja kikanunuliwa South Kensington, na mwaka 1938 George Bernard Shaw, mzee mwenye ndevu nyeupe, akakabidhiwa hati zake hadharani. Mwaka mmoja baadaye vita vikaja. Vilipokwisha, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1949 iliyoruhusu serikali kutoa hadi pauni milioni moja, na mwaka 1951 jiwe la msingi likawekwa kando ya ukumbi wa muziki wa Royal Festival Hall. Jiwe lenyewe halikukaa pale. Mahali pa kujenga palibadilika, likahamishwa, na ujenzi haukuanza.

Kwa hiyo kundi lilitangulia jumba. Oktoba 22, 1963, waigizaji wa Olivier walianza kazi katika ukumbi mkongwe wa Old Vic, kwa Hamlet iliyoongozwa na Olivier mwenyewe na kuchezwa na Peter O'Toole. Ofisi zao zilikuwa mabanda katika mtaa wa Aquinas. Humo ndimo ulimopangwa msimu mmoja baada ya mwingine wa kundi lililokuwa likisifiwa dunia nzima. Wakati huo huo bodi ilikuwa ikitafuta msanifu.

Lasdun alizaliwa London, Septemba 8, 1914. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na mama yake alikuwa mpiga piano. Alisoma usanifu katika shule ya Architectural Association, akafanya kazi kwa Wells Coates, kisha akajiunga na kikundi cha Tecton kilichoongozwa na Berthold Lubetkin, Mjojia aliyeleta Uingereza usanifu mpya wa Ulaya. Katika Vita Kuu ya Pili alihudumu katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, akashiriki kujenga viwanja vya ndege huko Normandy mara baada ya majeshi kutua. Aliporudi, kazi ya nchi ilikuwa kujenga upya mitaa iliyobomolewa kwa mabomu, na kwa karibu miaka 15 Lasdun alijenga makazi na shule.

Miongoni mwa kazi za kipindi hicho iko moja ambayo sisi wa Afrika tunapaswa kuijua zaidi. Ofisi aliyoshirikiana na Lindsay Drake ndiyo iliyosanifu Makumbusho ya Taifa ya Ghana jijini Accra, jengo lenye kuba ambalo lilifunguliwa Machi 5, 1957, siku moja kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa lilikwisha kuwa na nyumba ya kumbukumbu zake. Lasdun alipokuja kuitwa kujenga jumba la taifa la nchi yake mwenyewe, alikuwa amekwisha fanya kazi ya aina hiyo kwa nchi nyingine.

Lakini jengo linaloeleza zaidi alikotoka ni Keeling House, ghorofa la wafanyakazi huko Bethnal Green, mashariki mwa London, lililokamilika mwaka 1959. Wakati ule halmashauri za miji zilikuwa zikisimamisha maghorofa kama masanduku, na watu waliohamishwa kutoka vichochoro vya zamani walijikuta kila mmoja amefungiwa kwake, hamjui jirani. Lasdun aliligawa ghorofa lake katika minara minne inayozunguka kiini kimoja chenye lifti na ngazi. Kutoka kwenye kiini zikatoka njia fupi za kwendea milangoni, na papo hapo akaweka sehemu za pamoja za kuanikia nguo. Alijua kwamba mama anayeanika nguo atasalimiana na mwenzake, na kwamba mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayofanya nyumba nyingi ziwe mtaa. Jengo hilo lilipata taabu nyingi baadaye, likachakaa hadi likakaribia kubomolewa, lakini mwaka 1993 likawekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria.

Kisha wakaja madaktari. Royal College of Physicians ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1518 chini ya Mfalme Henry VIII, taasisi yenye majoho, fimbo za heshima na taratibu zisizobadilika. Walitaka makao mapya kando ya Regent's Park, katikati ya safu za nyumba nyeupe za msanifu John Nash zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Msanifu mwoga angeiga Nash. Lasdun alijifunza kwanza jinsi chuo kinavyoendesha shughuli zake, nani huingia kabla ya nani, na mahali gani hufanywa jambo gani, kisha akajenga jengo la kisasa kabisa, likafunguliwa mwaka 1964. Sehemu za sherehe, zile zisizotarajiwa kubadilika, alizivika vigae vidogo vyeupe. Sehemu za kazi za kila siku, zinazoweza kuongezwa au kupunguzwa mahitaji yakibadilika, akazijenga kwa matofali ya rangi ya samawati iliyokolea, na ukumbi wa mihadhara ukatoka ardhini kama kichuguu. Ndani, ngazi pana inapanda katika ukumbi ulio wazi, na yeyote anayepanda anawaona walio chini na kuonwa nao. Chumba cha zamani chenye kuta za mbao za karne ya 17 kikahamishiwa ndani kizima kizima. Mwaka 1998 jengo hilo lilipewa daraja la juu kabisa la ulinzi.

Naliona jengo la madaktari kuwa ndipo Lasdun alipokomaa. Alikuwa amegundua kwamba taasisi hukaa zaidi katika njia zake za kupita kuliko katika vyumba vyake: mwanachama kijana hukutana na mzee kwenye ngazi, na hapo ndipo anapojihisi kuwa yumo.

Wazo hilo alilipeleka chuo kikuu. Mwaka 1962 alikabidhiwa kupanga University of East Anglia, kwenye uwanja wa zamani wa gofu nje ya mji wa Norwich. Miaka hiyo Uingereza ilikuwa ikianzisha vyuo vikuu vipya kimoja baada ya kingine, na hatari ilikuwa kwamba kila idara ingejijengea kasri lake na kujifungia humo. Lasdun alitaka kila kitu kifikike kwa mguu ndani ya dakika tano. Akaweka madarasa na maabara katika jengo moja refu lisilokatika, mithili ya ukuta wenye urefu wa karibu nusu kilomita, na juu akapitisha njia za waendao kwa miguu, magari yakibaki chini. Upande wa bonde akajenga mabweni yanayopanda kwa ngazi kama piramidi za kale za Mesopotamia, kila ngazi ikiwa paa la ile ya chini yake. Wanafunzi 12 walishiriki jiko moja. Hesabu hiyo ilikusudiwa: kundi dogo vya kutosha watu kujuana kwa majina, kubwa vya kutosha kuwe na mtu wa kuzungumza naye kila saa.

Mwaka 1968 chuo na msanifu wake waliachana kabla mpango haujakamilika, na kazi akapewa Bernard Feilden. Mabweni yale yamekuwa alama ya chuo. Septemba 2023 yalifungwa, baada ya kuonekana kwamba yana aina ya zege jepesi ambalo majengo mengi ya umma Uingereza yalijengewa na ambalo huweza kuanguka ghafla. Iliumiza kuona jengo lililotungwa kwa ajili ya kuishi pamoja likikaa tupu, na yeyote anayependa kazi ya Lasdun lazima akubali kwamba vifaa vya zama zake havikuwa vyote vizuri kama mawazo yake.

Jengo la chuo alilolikamilisha kwa utulivu zaidi lina uhusiano na wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1973 ilifunguliwa maktaba aliyoisanifu ya SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, katika mtaa wa Bloomsbury. Ni jengo la mraba, na katikati yake ni ukumbi mkubwa wazi unaopata mwanga kutoka juu, rafu na meza zikiuzunguka ghorofa kwa ghorofa. Humo yamehifadhiwa maandishi ya mkono ya Kiswahili, yakiwemo yale aliyoyakusanya W. E. Taylor Mombasa, na kwa njia hiyo tungo za mshairi Muyaka bin Haji zimekuwa zikisomwa chini ya dari ya Lasdun kwa zaidi ya nusu karne. Mwanafunzi wa Kiswahili, wa Kihausa na wa Kichina wanakaa ghorofa tofauti, na kila mmoja akiinua kichwa anawaona wenzake ng'ambo ya uwazi ule.

Novemba 1963 ndipo alipoteuliwa kwa kazi ya National Theatre. Inasimuliwa kwamba wasanifu wengine walikwenda kwenye mahojiano wakiwa na wasaidizi na washauri, na yeye akaingia peke yake, akasema wazi kwamba hajawahi kujenga jumba la maigizo. Bodi ilimwamini kwa sababu ya hilo. Mtu asiyejidai kujua angekaa chini akasikiliza.

Na alisikiliza kwa miaka. Iliundwa kamati ya ujenzi iliyokuwa na Olivier, waongozaji Peter Brook, Peter Hall, Michel Saint-Denis na George Devine, na mbunifu wa mandhari ya jukwaa Tanya Moiseiwitsch, miongoni mwa wengine. Walikuwa watu wenye vipaji vikubwa na kila mmoja alikuwa na imani yake. Wapo waliotaka jukwaa la wazi linaloingia katikati ya watazamaji, kama la Wagiriki. Wapo walioona kwamba tamthilia za karne tatu zilizopita ziliandikwa kwa jukwaa lenye fremu na pazia na haziwezi kuchezwa kwingine. Kwa muda mrefu walitafuta ukumbi mmoja wa kufanya yote, mpaka wakakubali kwamba ukumbi wa namna hiyo haupo. Zikaamuliwa kumbi mbili kubwa na moja ndogo. Lasdun alikuja na mfano mmoja wa mbao baada ya mwingine, akivunja na kuanza upya.

Jibu la ukumbi wa Olivier lilikuwa rahisi mara lilipopatikana. Chukua chumba cha mraba, weka jukwaa katika kona moja, na viti vifunguke kutoka hapo kama kipepeo cha mkono. Msingi wake ni ukumbi wa kale wa Epidaurus huko Ugiriki, lakini umebanwa ili mwigizaji anayesimama mahali pake aweze kuwaona watazamaji wote zaidi ya 1,100 bila kugeuza kichwa. Hakuna kiti cha heshima wala kibanda cha mabwana pembeni. Ukumbi wa Lyttelton, wenye viti karibu 890, una jukwaa la fremu, na jina lake ni la Oliver Lyttelton, mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya National Theatre.

Ujenzi ulipata misukosuko hata kabla ya msumari wa kwanza. Mpango wa awali ulitaka jumba la maigizo na jumba la opera yakae pamoja, mbele ya jengo la Shell. Mwaka 1966 opera ikafutwa kwa sababu ya gharama. Mwaka 1967 kiwanja kikahamishwa tena hadi upande wa chini wa daraja la Waterloo, na Lasdun akalazimika kuanza kuchora upya. Nadhani uhamisho huo ulikuwa baraka. Pale mto unapinda. Ukisimama kwenye pindo hilo unaona Somerset House ng'ambo, kuba la kanisa la St Paul's upande mmoja na mnara wa Bunge upande mwingine. Lasdun alilielekeza jengo lake kwenye daraja, akatandaza matabaka ya zege moja juu ya jingine kuelekea mtoni, na juu yake akainua minara miwili ya majukwaa. Mtembea kwa miguu aliyekuwa akivuka daraja angeweza kuingia moja kwa moja kwenye tabaka la juu, akashuka kwa ngazi hadi mtoni, bila kuulizwa tiketi na mtu yeyote.

Matabaka hayo ndiyo moyo wa jengo. Yanatoka nje yakiwa veranda, yanaingia ndani yakiwa sebule za mapokezi, na kioo kinachotenganisha nje na ndani hakijitangazi. Lasdun aliziita sehemu hizo ukumbi wa nne. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja atamwelewa haraka kuliko Mwingereza wa 1976, kwa kuwa ameona baraza: benchi la mawe lililo nje ya mlango, lililojengwa na mwenye nyumba kwa gharama yake na kukaliwa na mtaa mzima. Tangu siku za kwanza sebule za National Theatre zilikuwa wazi mchana kutwa, zikipigwa muziki wa bure, na watu wakija kusoma magazeti, kusubiri wenzao au kukwepa mvua.

Na kila kinachoguswa ni zege. Wengi hulisema zege la Lasdun bila kulitazama, kwa hiyo inafaa kulisogelea. Kuta hazikupigwa lipu wala rangi. Mafundi seremala walitengeneza kwanza maboksi ya mbao za mti wa Douglas, zilizopasuliwa kwa msumeno na kuachwa bila kupigwa randa, wakazipanga ubao kwa ubao, nondo zikafungwa, zege likamwagwa. Boksi lilipovuliwa, kila mshipa wa ubao ulikuwa umebaki kwenye zege: nyuzi, vifundo, alama ya msumeno, mstari mwembamba pale mbao mbili zilipokutana. Anayejua ujenzi anajua maana yake. Lipu husitiri, hapa hapakuwa na cha kusitiri. Ubao ukikaa upande, kosa lingebaki ukutani kwa umri wote wa jengo. Jua la jioni likipiga kwa pembeni, kuta za zege zinaonyesha mbao zilizokwisha oza zamani, na anayezipitishia kiganja anasikia kazi ya seremala ambaye hakuna tamthilia iliyowahi kutaja jina lake.

Ukumbi wa tatu una habari yake. Ule mdogo, Cottesloe, nusura uachwe kwa sababu ya fedha. Sehemu yake ya ndani ilisanifiwa na Iain Mackintosh, kwa umbo la ua lenye roshani pande tatu na viti karibu 400, ukafunguliwa Machi 4, 1977. Ukapendwa mara moja na waigizaji na watazamaji. Kumbi kubwa zilimtaka mwigizaji ajifunze upya namna ya kuzijaza, hasa Olivier, ambao upana wake uliwatesa wengi. Heshima kwa Lasdun haihitaji kuficha jambo hilo.

Kazi ya ujenzi ilianza Novemba 1969 chini ya mkandarasi Sir Robert McAlpine. Serikali na Baraza la London Kuu waliahidi pauni milioni 3.75 kila mmoja. Bei za mafuta zikapanda, mfumuko wa bei ukala bajeti, migomo ikafuatana, na mwanzoni mwa 1974 nchi nzima ilifanya kazi siku tatu kwa wiki kwa kukosa umeme. Bunge lililazimika kupitisha sheria mpya mwaka 1973 na nyingine mwaka 1974 ili fedha zaidi zitoke, na hesabu ya mwisho ikapita pauni milioni 16. Peter Hall, aliyempokea Olivier uongozi, aliona kwamba wakingoja kila fundi amalize hawatafungua milele. Machi 1976 akawaingiza waigizaji Lyttelton huku nyundo zikilia vyumba vya pili. Olivier ukafuata Oktoba 4 kwa Tamburlaine, Albert Finney akiwa mhusika mkuu. Chini ya jukwaa la Olivier uliwekwa mtambo ambao haukuwahi kuonekana, pipa kubwa la chuma lenye kina cha ghorofa tano, linalozunguka na kuinua mandhari nzima kutoka chini. Kwa miaka kadhaa ulikataa kufanya kazi sawasawa.

Oktoba hiyo hiyo ya 1976, Nairobi nako kulikuwa na swali la jumba la taifa. The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo ilichezwa Kenya National Theatre, jengo lililofunguliwa mwaka 1952 wakati wa ukoloni, na watayarishaji wake walilazimika kugombania siku za kuonyesha kwa sababu maonyesho ya wageni yalikuwa yamekwisha pewa nafasi. Watu walijaa. Ngũgĩ aliendelea kuliandika jambo hilo kwa miaka mingi, akiuliza jumba la taifa ni la nani. London nao waliulizana hivyo hivyo, kwa njia nyingine: makundi madogo ya maigizo ya mikoani yalilalamika kwamba jitu hili la zege litameza ruzuku zote. Lilikuwa lalamiko la haki, na jengo zuri halitoshi kulijibu.

Matusi kwa jengo yalikuwa mengi. Lililojulikana zaidi lilitoka kwa Mwanamfalme Charles mwaka 1988, aliposema ni njia ya ujanja ya kujenga kinu cha nyuklia katikati ya London bila mtu kupinga. Lakini John Betjeman, mshairi aliyepigania majengo ya zama za Victoria kuliko mtu yeyote wa wakati wake, alimwandikia Lasdun kumpongeza. Hilo lina uzito. Betjeman hakuwa na sababu ya kupenda zege, ila alikuwa na macho. Mwaka 1994 jumba likaingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa, Lasdun akiwa hai kushuhudia.

Ulinzi haukumaliza ugomvi. Katika miaka ya 1990 taasisi ilitaka kubadili mlango mkuu na sebule, na Lasdun, mzee wa zaidi ya miaka 80, alipinga waziwazi. Mabadiliko yakafanyika. Waliokuwa wakiendesha jumba walikuwa na shida za kweli: watu walipotea wakitafuta mlango, duka la vitabu lilikuwa dogo, magari yalikuwa yameacha kuwa njia kuu ya kufika. Hata hivyo naelewa uchungu wake. Alikuwa amelipima kila pembe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alifariki Januari 11, 2001, akiwa na miaka 86.

Kilichofuata kingemfurahisha kuliko alivyotarajia. Mwaka 2003, Nicholas Hytner alipochukua uongozi, viti vingi vya Olivier viliuzwa kwa pauni 10, na ukumbi uliosanifiwa bila matabaka ya heshima ukapata watazamaji waliolingana nao. Ukarabati wa ofisi ya wasanifu ya Haworth Tompkins, uliogharimu pauni milioni 80 na kukamilika mwaka 2015, ulihamisha uwanja wa malori na mapipa ya taka uliokuwa umekalia kona ya mtoni, ukapafanya pa kukaa watu. Cottesloe ukafanywa upya na kuitwa Dorfman.

Jukwaani pia wakaja watu ambao kamati ya 1963 haikuwafikiria. Wole Soyinka alikuwa amekwisha andikia kundi hili tafsiri yake ya Bacchae ya Euripides mwaka 1973, lilipokuwa bado Old Vic. Mwaka 2000 waigizaji wa Afrika Kusini John Kani na Winston Ntshona walileta The Island katika Lyttelton. Mwaka 2009 Death and the King's Horseman ya Soyinka ilijaza Olivier ngoma na ulimi wa Kiyoruba. Mwaka 2017 mwandishi Inua Ellams aliugeuza Dorfman kuwa maduka ya vinyozi ya London, Lagos, Accra, Johannesburg, Harare na Kampala, na vijana ambao wazazi wao hawakuwahi kukanyaga pale wakakaa wakicheka kabla taa hazijazimwa. Mwaka 2025 uongozi wa taasisi ulishikwa na Indhu Rubasingham, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.

Bajeti ya serikali ya Machi 2024 ilitenga pauni milioni 26.4 kwa ajili ya majukwaa na mitambo ya jumba hili, maana vyuma vya miaka ya 1970 vimechoka. Atakayekuwa London katika mwaka huu wa maadhimisho na asiwe na fedha ya tiketi, aingie mchana. Baada ya ukarabati ule iliwekwa njia ya juu ya waendao kwa miguu, ya bure, inayopita nyuma ya jukwaa. Kutoka hapo anaweza kuwatazama chini maseremala wakipima mbao na wachoraji wakipaka rangi mandhari ya tamthilia itakayofunguliwa wiki zijazo.